Utepe wa Buluu na Kitanda cha Mama

Nyumba ya kona, jirani na mfereji,
Jumapili, asubuhi baada ya mvua.

Kaka yangu mpendwa,

Hujambo huko uliko? Mgongo bado unakusumbua, au umeacha ukaidi ukaenda hospitali? Wifi yangu je, na mapacha? Sisi tu wazima, na Mama anakula kunishinda. Nakuandikia huku nacheka peke yangu kama mwehu, kwa hiyo usinisome kwa hofu.

Ile safari ya kuja kumchukua Mama, iache. Najua hukukosea. Mafuriko ya mwaka jana yalimkuta kitandani, na tangu hapo kitanda tulikipandisha juu ya matofali, kana kwamba matofali yangeshindana na maji yale. Akawa anapanda kwa kigoda kila akitaka kulala. Nilishakubali aondoke, ingawa aliapa kwamba akitoka kwake anakwenda kufa tu.

Sasa sikia vituko vya mpwa wako, Chiriku wangu. Mwezi uliopita dukani kwangu ulipotea utepe wa buluu, ule wa kushonea sare, roli zima! Nikamgombeza fundi mwenzangu bure, maskini, tukanuniana. Kumbe mwizi namlisha mwenyewe.

Yeye na vijana wenzake wamekuwa wakienda halmashauri kuwaomba madiwani wasiuze lile bonde la majani linalopokea maji ya mvua, tena wazibue mifereji. Chiriku anasema mabadiliko ya tabianchi si habari ya redioni, yapo sebuleni kwetu. Kila wakienda wanaambiwa suala linashughulikiwa. Safari hii wakawahi ukumbini, wakapima kutoka sakafuni hadi urefu yalipofika maji chumbani kwa Mama, wakauzungusha utepe wangu mbele ya viti vyote vya waheshimiwa.

Madiwani walipoketi, utepe ukawapita kifuani. Nilikuwa nyuma kabisa, kaka, nikijua leo mwanangu analala ndani. Mwenyekiti akaamuru uondolewe. Chiriku akasimama.

"Shikamoo, mheshimiwa. Bibi yangu aliyakuta maji hapo hapo, na hakuwa na wa kumwagiza ayaondoe."

Mwenyekiti akajitia kunywa maji, bilauri ikanasa kwenye utepe, akajimwagia. Watu wakaangua kicheko, naye mwisho akashindwa kujizuia. Kikao kizima kikaendelea na utepe vifuani mwao, na walipopiga kura, bonde likapona. Nami sikuamini hadi nilipoliona katapila linachimba mfereji mbele ya mlango wetu.

Jana ikanyesha, ile mvua unayoijua wewe. Tulikaa miguu juu ya viti, tukiutazama mlango tu. Maji yakapita mferejini yakaenda zake bondeni. Ndani halikuingia hata tone. Kaka, nililia mpaka Chiriku akaniambia nisilete mafuriko mengine.

Vijana wenyewe hawajatulia. Wanasema wakubwa wa juu nao wana viti, na wanataka utepe mwingine. Safari hii nitaukata mwenyewe.

Wabusu wifi na mapacha kwa niaba yangu, na mjomba ukimwona mwambie tunamkumbuka. Mola akuponye mgongo huo na akurudishe salama kwa matembezi, si kwa kuhamisha mtu.

Mama anakusalimu sana. Leo alfajiri ametuamrisha tuyatoe matofali. Hivi sasa ameketi kitandani, nyayo zake ziko sakafuni, na sakafu ni kavu.

Ni mimi nikupendaye hata ukininunia,
Dada yako, fundi cherehani