Moshi wa Harusi Katikati ya Nile

Viktoria, uko hapo? Haboba amenimaliza leo! Bibi yangu Kulusum, huyu huyu wa kusali na kulala!

Mjomba Ramathan alikuwa ananikataza safari yangu ya kesho mbele ya wageni. "Msichana wa Kinubi analala njiani peke yake?" Haboba akaweka chai chini. "Mimi nililala."

Eti mwaka sabini na nne, siku ya kufukizwa moshi wa harusi ili mwili unukie, alikuwa anaozwa sajini mzee ambaye yeye hakumtaka. Akabeba chetezo na udi wote, akateremka Nile kwa mtumbwi kutoka Rhino Camp. PEKE YAKE! Usiku analala kwenye visiwa vya mchanga, anafukiza udi kufukuza mbu.

Sajini akamvizia kivukoni Laropi na askari wake. Asubuhi, ukungu mzito, harufu ya bibi harusi ikatoka katikati ya maji. "Jini iko kwa harusi!" Wakatupa bunduki, mbio!

Mjomba akauliza, "Na sajini?"

"Yeye ndiye aliyetangulia kukimbia. Mume gani huyo?"

Viktoria, mbele ya wageni!

Kisha akanipa kile chetezo. Kiko kwenye begi langu sasa. Kesho naondoka.