Sahani ya Ijumaa Imetushinda, na Ramadhani Iko Mlangoni

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie kwa jambo ambalo nikilitoa mdomoni litanirudia mtaani kabla sijamaliza kulisema. Mimi ni mke wa mtu, nina miaka thelathini na minne, nakaa Mkomani hapa Amu, na majina ya barua hii nimeyabadilisha yote kwa sababu huku kwetu watu hujuana hata kwa kikohozi. Mume wangu nimwite Bakr, ni fundi wa kuchonga milango na vitanda, na huu ni mwaka wa pili kazi zinakuja moja moja, mlango mmoja leo, kisha miezi miwili ni kupiga msasa viti vya watu, lakini hajawahi kuamka akakaa, kila asubuhi ananiachia kitu cha jikoni, siku nyingine mia tatu, siku nyingine mia tano, na mimi ndiye wa kujua itawatosha vipi watu wanne, sisi wawili na watoto wetu wawili.

Nilipoolewa kutoka Kiunga, miaka kumi na mmoja iliyopita, sikumjua mtu hapa, na siku ya tano akapanda ngazi zetu jirani wa ukuta mmoja, nimwite Bi Umulkheir, amebeba sahani ya kauri yenye maua ya buluu, imefunikwa kawa, ndani mna mikate mitatu ya mofa na kipande cha papa mkavu, akaniambia, "Sahani yangu hairudi tupu, mwana wa Kiunga, nakuambia mapema." Akacheka, na mimi nikacheka, mara ya kwanza tangu nishuke kwenye boti, na Ijumaa iliyofuata nikairudisha na samaki wa kuchoma na muhogo wa nazi, na tangu hapo sahani ile ile inakwenda na kurudi, Ijumaa moja yangu, Ijumaa moja yake, mpaka watoto wetu hawajui ni ya nyumba gani.

Siku hizo alikuwa anaileta mwenyewe. Akishapanda haondoki, anakaa na mimi jikoni juu, tunakula kilichomo sahanini na kilichomo sufuriani, ananisema kwamba natia ndimu kama mtu anayesafisha sufuria za shaba, mimi namsema kwamba wali wake wahitaji msumeno, na tukimaliza anaramba vidole na kuniuliza habari za mama yangu kama wanajuana. Ilikuwa mara kunde, mara mahamri matatu, mara mkia wa samaki, na hakuna aliyeangalia.

Kisha Bakr akapata kazi ya milango ya hoteli moja, pesa ikawa nzuri, nikapeleka biriani ya mbuzi. Ijumaa iliyofuata ikarudi pilau ya nyama na sambusa sita. Mimi nikapeleka kuku wa nazi na mikate ya mayai. Hatukuwahi kupanga, lakini tangu hapo naona haya kupeleka chochote kisicho na nyama, kazi ya hoteli imekwisha zamani na sahani imebaki pale pale juu, na ili niijaze mara moja kila wiki mbili inanibidi nibane siku kumi, asubuhi chai ya mkandaa isiyo na maziwa na mkate, mchana wali na mtuzi wa nyanya, usiku chai tena, na samaki ni pale Bakr anapopewa na mtu.

Mwezi uliopita nilimpeleka Asmaa, binti yangu wa miaka sita, kliniki kwa kikohozi, muuguzi akampima akatazama kitabu chake akaniambia uzani ni ule ule wa miezi minane nyuma, akamuuliza mtoto mwenyewe nyumbani mnakula nini, na Asmaa akamjibu kwa sauti ya darasani, "Ijumaa twala nyama, ikibaki." Nilitamani sakafu inimeze. Tulipofika nyumbani ilikuwa Ijumaa yangu ya kupeleka, nikawa napanga nyama juu ya wali, naye amesimama kando ananitazama, akaniuliza, "Mama, kwani sahani ina ndaa kutupita?" Nikaifunika kawa nikampa nduguye akaipeleka.

Nilimwambia Bakr tuache, au tupunguze. Hakugomba, yeye si mgomvi, aliweka kikombe chini akasema, "Nikikosa kazi nimekosa mimi, si lazima ukuta wa pili ujue." Na Ijumaa anapokula hujipakulia mara moja tu, husema ameshiba.

Na jambo la kuniuma zaidi ni kwamba Bi Umulkheir mwenyewe amebadilika. Haji tena, sahani huiacha mlangoni kwa mkono wa bintiye Fairuz. Mara ya mwisho nilipoifunua nilikuta nyama vipande vidogo vimepangwa juu, chini ni wali mtupu na viazi, nikaona ananidharau, kwamba mtu wa Kiunga viazi vinamtosha. Zamani kila adhuhuri nilikuwa nasikia harufu ya vitunguu vyake vikikaangwa upande wa pili wa ukuta, sasa wiki nzima hakuna harufu mpaka Ijumaa, nadhani wamenunua jiko la kisasa la ndani na hakunialika hata kulitazama. Mumewe alikuwa anatembeza wageni kwa boti, siku hizi namwona amekaa barazani tangu asubuhi, lakini wao wana nyumba mbili, ya kukaa na ya kupangisha, hawana la kupungukiwa. Na wiki jana Fairuz alikuja kucheza akatukuta tunakula mseto wa pojo, wali uliopikwa na choroko, akala sahani tatu, sikulala vizuri nikiwaza atakavyokwenda kueleza kwao kwamba kwetu tunakula pojo.

Nyama nimeshasahau ladha yake. Ninachokitamani ni sinia moja katikati ya nyumba yangu, samaki wa kuchoma na muhogo kama kwa mama yangu Kiunga, ambako hakuna aliyetuona maskini, watu wanakula mpaka wanaegemea ukuta, na natamani nisikie hatua zake kwenye ngazi na ile sauti ya kunisema. Nikiiosha ile sahani naishika muda mrefu kuliko inavyohitaji.

Sasa Ramadhani imebaki wiki tatu, na mwezi huo sahani hazingojei Ijumaa, ni kila futari, siku moja mimi siku moja yeye. Nina bangili moja ya dhahabu aliyonipa mama yangu. Niiuze tupite mwezi kwa heshima, au nimwambie Bakr turudi Kiunga, au nifanye nini?

Mwenye Kawa,
Mkomani, Amu.

*

Bi Mwenye Kawa,

Pole, na pole zaidi kwa binti yako. Naanza naye kwa sababu yeye ndiye asiyeweza kungoja. Mrudishe kliniki wiki hii, hata kama kikohozi kimekwisha. Ukiulizwa anakula nini, taja siku kwa siku, Jumamosi mpaka Alhamisi. Ulitamani sakafu ikumeze kwa sababu mtoto alisema kweli mbele ya mtu ambaye kazi yake ni kuisikia. Mtoto hakukosea. Uliyekosea ni wewe, uliyemsikia akiuliza kama sahani ina njaa kuliko yeye, ukaifunika, ukaituma.

Sasa kuhusu jirani. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimeona mambo yale yale umeyaandika kwa mkono wako bila kuyatazama. Nyama vipande vidogo, imepangwa juu, chini ni viazi. Wewe mwenyewe umeniambia kwamba unaipanga nyama yako juu ya wali. Ulidhani ni wewe peke yako uliyevumbua? Jiko halina harufu wiki nzima isipokuwa Ijumaa. Mume aliyekuwa na kazi ya boti amekaa barazani tangu asubuhi. Nyumba mbili si chakula. Mimi sijui kama ile ya pili ina mpangaji, na wewe hujui pia. Na mtoto wa miaka ya kucheza anaingia kwa watu, anakuta pojo, anakula sahani tatu. Mtoto aliyeshiba kwao huonja akakimbia kucheza. Ulikosa usingizi ukihofia Fairuz atakwenda kusema nini. Hukujiuliza kwa nini alikula.

Sina ushahidi zaidi ya huo, na huenda nimekosea. Lakini kama ningekuwa natafuta mtu wa kuwekeana naye dau, ningesema upande wa pili wa ukuta kuna mwanamke anayebana siku kumi ili akujibu biriani yako, na ambaye haji tena kwako kwa sababu ile ile inayokufanya wewe usiende kwake. Nyumba mbili zinalala na chai ili kila moja iione nyingine imeshiba. Na aliyeipandisha sahani ni nani? Ni wewe, Bi. Uliipandisha kwa furaha, hakuna atakayekulaumu kwa hilo, lakini yeye angeishushaje bila kuonekana amefilisika? Kuishusha ni kazi ya aliyeipandisha.

Bangili usiuze. Itakupa Ramadhani moja, na mwaka ujao utakuwa na Ramadhani nyingine na mkono mtupu. Kiunga nenda ukamtembelee mama, si kukimbia sahani.

Jikoni kwako hali si mbaya kama unavyofikiri, na wewe unaijua kazi hii kuliko mimi, ila umeionea haya. Ule mseto wa pojo unaouficha ndio chakula bora kilichotajwa katika barua yako yote. Upike mara tatu kwa wiki. Pesa uliyokuwa ukiifungia biriani igawanye kwenye siku zote: nunua samaki wadogo wadogo, wale ambao wenye hoteli hawawataki, na kichwa cha samaki mkubwa kikipatikana, kitie kwenye mtuzi wa nazi, kina nyama nyingi kwa aliyezaliwa pwani. Kunde na majani yake, mchicha, muhogo badala ya mkate wa dukani. Asmaa apate yai siku ambazo hakuna samaki, na kipande cha chungwa au embe baada ya kula. Chai ya mkandaa mwondolee wakati wa chakula, haimsaidii kitu. Hayo hayazidi mia tatu na mia tano zako ukiacha kuzila Ijumaa.

Bakr mwambie usiku wa leo, kabla ya gazeti hili kufika mtaani, kwa maana majina umeyabadilisha lakini sahani ni ile ile na ukuta ni ule ule. Usimwombe ruhusa ya kupunguza; ulimwomba akakujibu kama mwanamume aliyeumia. Mpe maneno ya muuguzi: mtoto hajaongezeka miezi minane. Anayejipakulia mara moja akasema ameshiba anajua tayari kwamba chakula hakitoshi. Anangoja mtu mwingine aseme kwanza.

Kisha nenda kwa Bi Umulkheir. Usiende Ijumaa, siku hiyo imeharibika. Nenda Jumanne, adhuhuri, saa ambayo zamani vitunguu vyake vilikuwa vinanukia. Pika mseto na mtuzi wa samaki, wa kutosha nyumba mbili. Sahani ya maua iache kabatini. Chukua sufuria kama ilivyotoka motoni, shika kwa kitambaa, wachukue na watoto wako, panda ngazi zake. Usimtume mtu. Atakapofungua usitangulize habari za afya wala hali ya hewa. Mwambie: "Hiki ndicho tunachokula sisi. Nimechoka kukila mbali na wewe."

Mkishakula ndipo mzungumze habari ya Ramadhani. Nunueni gunia dogo la pojo na la unga pamoja, na samaki mmoja mkubwa mgawane, gharama itapungua kwenu nyote wawili. Siku ya zamu yako pika chungu kimoja cha nyumba mbili, siku ya zamu yake apike yeye. Mkitaka nyama, iwe Ijumaa moja ya mwezi, na ichangiwe.

Kama nimekosea, na ukakuta kwake kuna biriani ya Jumanne, basi mtakula biriani, na hutakuwa umepoteza chochote ila haya. Lakini kama nimepatia, atasimama pale mlangoni akiitazama sufuria. Huenda akacheka, huenda akalia. Usimbembeleze na usimweleze chochote. Ingia, tandika jamvi, waite watoto, mpakulie Fairuz wa kwanza.