Harusi ya Salma Nitakuja Bila Sare

Ukunda,
Ijumaa, watu wanatoka msikitini.

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa kitako na goti limetulia, kwa sababu ni ndefu, na sitaki uisome umesimama jikoni ukaiacha nusu. Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi. Bakari yuko na tuktuk yake, wajukuu zako wanakula kama hawajawahi kulishwa, na cherehani yangu hailali. Baba anaendeleaje na kifua? Na Salma, bibi harusi wetu, anakula, au ameshaanza kujinyima ili apendeze kwenye picha? Mwambie mimi dada yake nimesema ale.

Najua unajiuliza kwa nini niandike na simu ipo. Mama, simu tumeijaribu. Kila nikianza habari ya sare, huko Kipini mtandao unaharibika ghafla na wewe unakatika. Karatasi haikatiki. Leo utanisikiliza mpaka mwisho, kisha unigombeze utakavyo.

Nianze mbali kidogo. Tulipohama chumba kile cha zamani kuja hapa karibu na soko, Bakari alibeba magunia ya nguo mpaka akashika kiuno. "Mama watoto, hizi nguo za watu wangapi?" Nikamwambia ni zangu. "Peke yako?" Kabla sijamjibu, gunia moja likapasuka mlangoni, mbele ya majirani wapya, zikamwagika sare. Sare tupu, Mama! Madera ya zambarau, ya kijani, ya waridi, yenye shanga, yenye lesi, kila moja na harusi yake, kila moja nimelivaa siku moja tu. Nikasimama pale nikawa nayatambua: hili la harusi ya Rehema, hili la yule binti wa Gazi, hili la wale walioachana kabla hata rangi haijapauka. Watu wameshapeana talaka, mimi bado ninawatunzia sare yao. Na siku hiyo hiyo, wallahi, mwilini nilikuwa na fulana ya Bakari, kwa sababu sikuwa na nguo ya kuvaa.

Nilicheka, kisha nikakasirika, na wewe unanijua, nikikasirika ninafanya kazi. Nikatandika mkeka, nikamwaga kila kitu, nikazitazama nguo zangu kwa jicho la fundi. Nyingi ni vitambaa vya kung'aa visivyopitisha hewa. Kwa joto la huku ukivaa unajihisi umetiwa ndani ya mfuko. Zile ninazozivaa kweli sikuhitaji hata kuzitafuta. Zilikuwa kwenye kamba, zimefuliwa ili zivaliwe kesho. Hizo ndizo nguo zangu. Zilizobaki zilikuwa wapangaji wasiolipa kodi.

Basi nikapunguza. Nimebaki na mabuibui mawili, sketi mbili, nyeusi na ya kahawia, na blauzi chache za pamba ambazo kila moja inakubaliana na sketi zote mbili, hata nikivaa gizani sikosei. Nina madera ya pamba ya nyumbani, leso zangu, na gauni moja zuri la rangi ya maziwa nililolishona mwenyewe, mshono mara mbili, na ndani nimeacha kitambaa cha kutosha cha kupanulia mwili ukiongezeka. Nikiona uzi umelegea ninaushona papo hapo, sisubiri tundu. Ninaanika kivulini, maana jua la huku likisaidiana na maji ya chumvi ya kisimani hula rangi. Na kipya hakiingii mpaka cha zamani kiwe kimekwisha kweli, si kwamba nimekichoka. Bakari alifurahi kuona kabati limepata nafasi, na wiki ile ile akaijaza vipuri vya tuktuk. Tumegombana, lakini hilo ni jambo jingine.

Usidhani ilikuwa rahisi. Mwanzoni nilijiambia kwamba sare za zamani nitazivaa kwenye harusi nyingine mpaka ziishe. Ni akili, au siyo? Mwanasiti, mzaliwa wa Munje, jirani yangu tangu kile chumba cha zamani, akanialika harusi ya binamu yake kule Msambweni. Nikachagua dera zuri la samawati, nikajifukiza udi, nikaenda, nikakaa. Mara nikaona wanawake wananitazama na kunong'onezana, na bibi harusi mwenyewe amekunja uso. Mwanasiti akaja mbio akanifinya.

"Weye! Hilo dera umelitoa wapi?"

"Kwenye harusi. Si ni wewe uliyenialika, miaka ile?"

"Ehee. Harusi ya nani?"

Nikafikiri, jasho likanitoka. Mama, ilikuwa harusi ya bwana harusi huyu huyu na mkewe wa kwanza, ambao waliachana kwa kelele mji mzima ukasikia. Nimekwenda kwa mke mpya nimevaa sare ya mke wa zamani! Nilitamani mkeka unimeze. Aliyeniokoa ni mama wa bwana harusi, mwanamke mpana mwenye sauti yake. Alinifunika leso kutoka mabegani mpaka miguuni, akawageukia wenzake: "Mavi ya kale hayanuki, jamani. Haya, imbeni!" Ni yeye aliyesema hivyo, si mimi. Wakaimba, na mimi nikala pilau nimefunikwa kama mgonjwa.

Niliporudi nyumbani nikazifumua sare zote. Vitambaa vya maana vikawa foronya na sketi za ndani za watoto, lesi nikaziweka kwa ajili ya kazi za wateja. Wanawake wa mtaani walipoziona zile foronya, nao wakaniletea magunia yao. Kwa hiyo usiogope kwamba ninajikatia riziki. Mwenye kutaka sare nitamshonea, kazi ni kazi. Mwilini mwangu tu ndipo nilipoapa haitaingia tena.

Ndipo ikaja harusi ya Salma. Sare tatu, Mama: ya hina, ya nikahi na ya kupamba. Nilipokuambia nitavaa gauni langu la rangi ya maziwa, ulinitumia sauti kwenye simu: "Dada wa bibi harusi bila sare ni kama mgeni aliyepotea njia. Wasio na sare wanakaa nyuma, penye masufuria. Unataka watu waseme nini?" Niliisikiliza tena na tena, na kusema kweli nilikaribia kulegea. Salma ni mdogo wangu, ninampenda, sitaki siku yake anitafute kwa macho anione nimekaa nyuma. Nikasema basi, nitashona, na maadamu ninashona, nitamshonea na Shangazi Tima wa huko, maana sare tatu si pesa ndogo kwake. Nikampigia simu ili nipate vipimo vyake.

Akacheka. "Mimi usinipime, mwanangu. Mimi harusi ninazisikiliza tu. Hata yako niliisikiliza."

"Uliisikilizia wapi, Shangazi?"

"Nje, nyuma ya ua wa makuti, upande wa kisima. Walipokuimbia nilisikia vizuri. Hata sauti ya mama yako niliitambua."

Mama, siku ile nilimuulizia Shangazi, nikaambiwa ana homa. Wewe ndiye uliyeniambia. Na mwanamke huyu ndiye aliyenilea ulipokuwa Malindi unamuuguza Baba. Nililala kwake, nilikula kwa mkono wake, na ndiye aliyenikalisha mara ya kwanza mbele ya cherehani, miguu yangu haijafika chini. Nilimuuliza kwa nini hakuingia. Akasema, "Ningeingia na nini? Sare sikuwa nayo, na mama yako alikuwa na wageni wake. Sikutaka kumtia aibu." Alisema hivyo bila kinyongo, kisha akaniuliza kama embe huku zimeiva. Nilipoweka simu chini nililia, mpaka mteja aliyekuwa anasubiri akaniuliza kama nimefiwa.

Sikuandikii ili nikuhukumu. Wewe ni mama yangu, na radhi yako ninaitaka leo kama nilivyoitaka jana. Najua siku ile ulikuwa na mambo mengi, na maneno ya watu ni makali, na pengine uliona kusema homa ndiyo kumsitiri. Lakini nimeumia, Mama, na sitajifanya sikuumia.

Kwa hiyo nimeamua, na juu ya hili usinisihi. Ninakuja mapema, harusi haijaanza. Nitasonga sima, nitapika, nitamsinga Salma manukato mwilini kwa mikono yangu, nitaimba mpaka sauti inikauke. Nguo zote za bibi harusi zinazotaka mkono wa fundi niwekeeni mimi. Lakini sare sivai hata moja, wala asininunulie mtu. Na Shangazi Tima ataingia kwa mlango wa mbele, nimemshika mkono, na tutakaa pamoja mkeka wa mbele, yeye na mimi. Ikiwa mbele hakuna nafasi ya wasio na sare, basi tutakaa sote wawili penye masufuria, na anayemtafuta dada wa bibi harusi atamkuta huko. Salma nimeshamwambia. Akasema, "Dada, hata mimi niliambiwa homa. Mlete." Harusi ni yake, na neno lake si dogo.

Watu watasema. Wacha waseme. Waliosema kwenye harusi yangu, leo ukiwauliza nilivaa rangi gani hawakumbuki hata mmoja. Mcheza kwao hutuzwa, nami ninakuja kwetu.

Nisalimie sana Baba, umwambie tuktuk ya mkwewe haijambo kuliko mwenyewe. Msalimie kaka yangu mvuvi na mkewe, na yule mtoto wao mpya ambaye sijamuona. Msalimie mwalimu wangu wa chuoni, umwambie bado ninazihifadhi sura alizonifundisha. Msalimie jirani yetu muuza mahamri, umwambie huku Ukunda mahamri yapo lakini hayana iliki ya kutosha. Bakari anakusalimu kwa heshima zote, na watoto wanauliza Bibi atawapa nini.

Neno la mwisho ni hili. Ndani ya kifurushi alichokuletea dereva wa basi pamoja na barua hii, chini ya zile korosho za Msambweni, utakuta leso moja nyekundu. Ni ya doti yangu niliyoipenda na kuivaa sana. Nimezitenganisha leso zake mbili. Moja nimebaki nayo, hiyo nyingine ni ya Shangazi Tima. Siyo mpya, imeshalainika, ila nimeipiga pindo upya na kuifukiza udi. Siku ya kupamba, yeye na mimi tutajifunga hizo. Dereva anaijua nyumba ya Shangazi na angeweza kumfikishia moja kwa moja, lakini nimemwambia ailete kwako. Usimtume mtoto, Mama. Ipeleke wewe.

Mwanao akupendaye,
Zuhura