Siti ya Baba Imehamia Kushoto

Baba, shikamoo.

Najibu mwenyewe kwa niaba yako: marahaba, Kabula, gari limelala wapi? Maana hilo ndilo lilikuwa swali lako la kwanza kila nikikusalimia, hata kabla hujauliza wajukuu wako wamekula nini. Basi tulia huko uliko. Gari limelala nyumbani, chini ya bati, limeoshwa, na limevaa ngozi. Ndiyo, Baba. Ngozi! Kahawia ileile uliyokuwa ukiitolea macho kwenye magari ya watu wa mgodini tukisimama Kahama kujaza mafuta, halafu unaniambia, "Siku Minza anaolewa, na hili langu litavaa ngozi."

Minza ameolewa. Jumamosi, hapahapa parokiani Ushirombo. Leo Jumatatu saluni nimefunga, miguu inaniuma kwa kucheza, sauti imekauka kwa vigelegele, nikasema hapana, huyu mzee lazima nimwandikie habari zikiwa bado moto.

Nianze na Mama. Tangu tukuzike, Mama alikuwa hajakanyaga gari lako. Hakugombana na mtu. Ukimfungulia mlango anachungulia, anarudi nyuma, anasema, "Nikipanda naona pale pake palivyobonyea, na mwenyewe hayupo." Basi. Mama akawa mtu wa bodaboda. Na mwili wake ule, Baba! Anakaa upande, mwavuli juu, mkoba magotini, anakwenda jumuiya, anakwenda sokoni, vijana wa kijiweni wanamwita Bosi na wanagombania kumpakia. Tulicheka, tukazoea. Lakini kwenye kikao cha harusi, mbele ya mashangazi wote, akatangaza kwamba hata kanisani atakwenda na boda yake. Minza alilia palepale. Akasema kama Mama hapandi gari la Baba, na yeye hapandi, watafuatana wote wawili na boda, shela likipepea barabarani. Mashangazi wakanigeukia mimi. Mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye niliyeachiwa ufunguo. Nikajua Mama asipopanda lile gari siku ile, hatalipanda tena maisha yake yote.

Na siti zenyewe, Baba, tusidanganyane. Zile nailoni ulizoagiza zishonewe juu ya kitambaa gari likiwa bado geni, ukasema ndizo zinazolinda, zilitutesa sisi. Jua la Mwakitolyo linazikaanga, tukishuka sketi zimelowa nyuma, na wewe unatuambia tuvumilie, siti itabaki mpya. Ilibaki mpya wapi! Vumbi la huko kwenye maduara, kwenye mashimo ya wachimbaji ulikokuwa ukipeleka mbao na pampu, lilipenya chini ya nailoni likaweka makazi. Nailoni ikapasuka, ikawa inakata kama ganda la muwa. Gauni la Minza lingefika kwa padre likiwa vipande.

Nikaita fundi makochi. Kijana mzuri tu, ana adabu zake. Akabonyeza siti yako kwa kiganja, akasema, "Hii sponji imekufa, dada. Natupa, naweka mpya." Nilimshukuru, nikamwambia nitampigia. Sikumpigia. Baba, ile sponji ina shimo lako. Limezama zaidi kulia, kwa sababu ulikuwa ukikaa kiupande ili mkono wako uning'inie dirishani. Itupwe jalalani? Nikasema naifanya mwenyewe. Mimi nasuka rasta kuanzia asubuhi mpaka jua linazama, vidole hivi vimeshinda nywele za kila aina, ngozi itanishinda?

Kava nikazifuata Kahama. Nikamtajia muuzaji aina ya gari na mwaka wake, akanishushia furushi zima, la mbele na la nyuma, linanukia duka la viatu. Nikarudi nalo nimelipakata kama mtoto.

Alhamisi tukaanza, nyuma ya saluni, mimi na Mama Shija. Unamkumbuka Mama Shija, mwenzangu wa saluni, yule uliyekuwa ukisema akicheka kuku wanaacha kutaga. Bolti za chini ya siti zilikuwa zimeshikana na kutu na lile vumbi jeupe, spana inateleza tu. Tukamwagia mafuta, tukasubiri, tukavalisha spana bomba la chuma ili mkono uwe mrefu, Mama Shija akaning'inia kwenye bomba na mwili wake wote. Bolti ililia, Baba! Ikaachia ghafla, naye akakaa chini puu. Wateja wawili waliokuwa wanasubiri kusukwa walitoka nje wakidhani ni mtungi wa gesi umelipuka.

Tukaitoa siti yako. Na chini yake nikakuta nini? Maganda ya karanga! Rundo, Baba! Wewe! Wewe uliyemshusha Minza njiani, mtoto mdogo, kwa sababu ya andazi moja. Wewe uliyekuwa ukituambia, "Gari langu si kibanda cha karanga." Nilikaa kwenye vumbi nikacheka mpaka machozi yakatoka, halafu machozi yakaendelea na kicheko kimeisha. Mama Shija akaniacha nilie. Akaenda kumalizia kichwa cha mteja, akarudi na chai.

Nikafunga maganda kwenye karatasi, nikampelekea Mama. Nikamwambia nasafisha gari, nimeokota haya chini ya siti ya mumeo. Akayachambua kwa kidole. Halafu mabega yakaanza kutikisika, nikaogopa, kumbe anacheka. Mama anacheka, Baba! Akasema, "Ni mimi nilikuwa nikimmenyea. Namtilia kiganjani huku anaendesha. Maganda tunayasukuma chini, usije ukayaona wewe." Yaani mlikuwa wawili! Nyumba nzima tunaogopa kutafuna bigijii ndani ya gari lile, kumbe nyinyi mkishatushusha shuleni mnafanya sherehe. Nilirudi saluni nina nguvu mpya.

Kuvua siti si kazi ngumu, ni kazi ya subira. Unapasua nailoni, unafika kwenye kitambaa, kitambaa nacho kimefungwa kwenye sponji kwa vipete vya waya, unavikata kimoja kimoja kwa plaizi. Ngozi mpya tulizianika juu ya bati, kwa jua letu hili, zikalainika kama chapati. Nikaanza na siti yako kwa sababu ndiyo niliyokuwa naiogopa. Navuta, nakunja, napandisha goti, nasukuma na kiwiko. Ikaingia, lakini inakataa kukaa. Unajua siti ya dereva ina vishikizo viwili ubavuni upande wa mlango, kimoja cha kulaza na kimoja cha kuinulia. Matundu yake kwenye kava yapo upande wa pili kabisa. Nikageuza, nikapindua, nikamwita Mama Shija, tukapindua wawili. Ndipo lilipopita lori la Kigali barabarani, dereva amekaa kushoto huko, ananipungia mkono. Nikaelewa.

Kava za usukani wa kushoto, Baba! Muuzaji anawauzia wale wanaokwenda Rwanda na Kongo, mimi nimetaja gari, nimetaja mwaka, sikutaja dereva anakaa wapi. Nani angefikiria kutaja? Nikampigia, akasema kwa upole kabisa kwamba kahawia ndizo zilikuwa za mwisho, labda nichukue nyekundu. Nyekundu! Ungefufuka. Na hata ningetaka kurudi Kahama kumtazama usoni, ningeendesha nimekalia nini? Siti zote ziko nje, gari limebaki kama sahani.

Nilikaa kwenye sponji yako, pale chini kwenye mkeka, nimechoka, nimekata tamaa. Nikawaza: kava ya dereva inataka siti ya kushoto, haitaki kwingine. Siti ya kushoto ni ya Mama. Nikiwa nawaza hivyo nikajisogeza, mwili wangu ukateleza ukaingia kwenye shimo lako, ukaegemea kulia, na mkono wangu wenyewe ukaning'inia ubavuni. Nikaruka nikasimama. Nikashika sponji yako, nikaipima juu ya sponji ya Mama. Zimekatwa sawasawa, hazina kulia wala kushoto.

Basi nikazihamisha. Sponji yako nikaipandisha kwenye chuma cha siti ya Mama, nikaivika ile kava ya dereva, ikakaa kushoto, na tundu lililobaki bila kazi, maana siti ya Mama ina kishikizo kimoja tu, nikaliziba kwa kipande cha kitambaa chako cha zamani, kwa ndani. Sponji ya Mama nikaileta kulia, chini ya usukani. Kava ya kulia ikakosa tundu moja, nikalikata kwa wembe wa saluni, nikapindia kingo kwa ile sindano iliyopinda ninayoshonea nywele za bandia. Mikunjo iliyobaki nikaipulizia drai ya nywele, ngozi ikajinyoosha yenyewe. Mama Shija akasema gari limefanyiwa blodrai, litoke likapige picha. Ijumaa jua linazama tulikaza bolti ya mwisho. Nilifurahi. Ila Mama hajui. Nimekivua kiti cha mumewe, nimekivika nguo mpya, nimekihamisha, sijamuuliza. Kama angegeuka pale mlangoni, ningemwambia nini?

Jumamosi asubuhi Minza yuko nyuma kwenye ngozi, gauni limejaa siti nzima. Mama akatoka ndani. Kitenge cha sare, kilemba kimesimama, mkoba mkononi. Na nje ya geti boda yake inanguruma, kijana amevaa tai. Nilifungua mlango wa kushoto. Sikuwa na hotuba, Baba, nilikuwa nimeipanga, ikapotea. Nikasema tu, "Mama, siti ya Baba imehamia huku. Huku kwako."

Akaniangalia kama vile nimelewa. Akasogea. Akaweka kiganja juu ya ngozi, akabonyeza, akabonyeza tena, mkono ukazama kulia. Akampa shangazi mkoba, akashika mlango, akapanda, akakaa. Akajisogeza kidogo hivi, akajisogeza tena, na ghafla Mama wa watu akazama, kaegemea kulia, upande wa dereva. Akafumba macho. Akasema taratibu, "Ni yeye." Kisha akanishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, mwanangu." Kisha akafungua jicho moja: "Haya washa, tunachelewa, na usikimbize kama baba yako."

Vigelegele vilivyopigwa pale, nadhani ulivisikia. Yule kijana wa boda alitutangulia akipiga honi mpaka kanisani, amempoteza abiria na anashangilia kuliko wote.

Mimi naendesha nimekalia shimo la Mama. Ni dogo, limeelekea kushoto, lilikokuwa dirisha lake, kwa sababu alikuwa hapitwi na muuza viazi barabarani. Mgongo unaniuma, lakini sibadilishi.

Jana baada ya misa ya pili tulikuja kukuona, Mama mbele, maharusi nyuma. Nailoni hakuna, Baba, na haitarudi, hilo nakwambia mapema usije ukanitokea ndotoni. Uliahidi ngozi, ngozi ipo. Minza anakusalimia, shemeji yetu mpya amekuvulia kofia. Wewe lala, mzee wangu. Lala salama, kazi yako ya kuendesha umeimaliza vizuri, na sasa ni zamu yako kubebwa.

Nina ahadi moja. Tulipokuwa tunarudi kutoka kwako nilisikia kitu kinavunjika vunjika pembeni yangu. Sikugeuka. Nikaona kiganja cha Mama kimekuja mbele yangu, kimejaa karanga zilizomenywa. Nikala. Maganda akayasukuma chini ya siti, taratibu, akidhani sioni. Gari nitaliosha kila wiki kama ulivyonifundisha, Baba, matairi, vioo, mpaka buti. Lakini chini ya ile siti sitafagia.

Mwanao,
Kabula