Kaka, Ule Mkono Haukuwa wa Kusalimia

Mwaka umetimia, kaka, tangu asubuhi ile ulipoanguka mazoezini ugenini, umevaa glavu na soksi mbili mbili kwa baridi, moyo wako ukakataa kuendelea. Wenzako walidhani umeinama kufunga kamba za kiatu. Sisi huku tulikuwa tunaanika nguo. Simu ikaita, wifi, mke wako, akaipokea, akalia kabla hajasema neno, na mama akaliacha shati lianguke kwenye tope.

Kaka mkubwa alitaka tuandike maneno yanayoandikwaga gazetini, pumzika kwa amani, basi. Mama akakataa. "Hayo kawaandikieni waliokufa wakisifiwa. Huyu mwandikieni ya kwake." Akanigeukia mimi, mdogo wako. "Andika wewe. Wenzako wanapiga kelele, wewe unatazama." Kwa hiyo haya ni ya kwako. Wengine wakisikia, masikio ni yao. Tena wasikie vizuri, maana Jumamosi hii watu wa mpira wanataka mama akakate utepe chini ya picha yako, na jibu letu limo humu humu.

Tunakukumbuka ulivyopenda mpangilio. Ukija likizo, viatu vya mlangoni vilikuwa vinajipanga kama vimeitwa jina. Ulikula polepole, ukaosha sahani yako mwenyewe, na mama akikunyang'anya unamwambia, "Niache mama, kule hakuna wa kuniosha, nikizoea hapa nitaadhirika." Ulilala umeweka goti juu ya mto. Goti hilo ulikuwa unaliita "mzee". "Leo mzee kaamka vibaya," unasema, na sote tunajua leo hutoki.

Wewe ulikuwa beki wa kati, na beki hana asante. Ulituambia mwenyewe huku unacheka: mshambuliaji akikosa siku nzima akapata moja, anabebwa mabegani, beki akiokoa siku nzima akakosa moja, anabebwa midomoni. Hukucheza kwenye zile klabu ambazo watu huvaa jezi zake hata harusini. Yako ilikuwa na jukwaa upande mmoja tu, upande wa pili ni maegesho ya magari, na mpira ukitoka huko wa kwanza kuufikia ni mlinzi wa zamu. Msimu wa kwanza walikuita kwa namba ya jezi, jina lilikuwa linawakwama kooni. Msimu uliofuata wakakupa unahodha. Ulisema lugha yao uliijua kwa amri kwanza: panda, rudi, toka, acha. "Dukani nilikuwa naomba mkate kama ninamfokea beki. Walikuwa wananipa upesi sana."

Kuotea ulitufundisha sebuleni, kwa vigoda vya jikoni. Vigoda vinne ndio mabeki, sufuria ndiyo mshambuliaji wao. "Nikinyanyua mkono, vigoda vyote vinapanda mbele kwa pamoja. Sufuria inabaki nyuma yetu peke yake, imeotea, mshika kibendera ananyanyua, mambo kwisha. Lakini kigoda kimoja kikibaki nyuma na sufuria, basi sufuria ni halali. Hapo mnalo."

Mama alikuwa anachambua mboga. Akauliza, "Na anayelaumiwa ni nani?"

"Aliyenyanyua mkono, mama. Ndiye anayeonekana."

Wakakuita timu ya taifa. Ulisafiri usiku kucha, ukafika umevimba miguu, ukacheza. Mechi ile kila mtu anaikumbuka, au anadhani anaikumbuka. Zimebaki dakika chache, hakuna aliyefunga. Ukanyanyua mkono. Wawili wakapanda pamoja nawe. Beki wa kushoto akabaki nyuma, mikono kiunoni, anamlalamikia refa mambo ya mpira wa kurusha. Mshambuliaji wao akapita, halali kabisa, akafunga. Kamera ikakukuta wewe, umesimama katikati ya uwanja, mkono juu.

Mimi nilikuwa mlangoni kwa kinyozi, natazama na wateja wake. Niliuona mguu wa beki wa kushoto. Walirudia goli lile mpaka kinyozi akachoka, na kila waliporudia mguu ule ulikuwa pale pale. Lakini watu hutazama mpira. Kutazama mpira hakuhitaji akili.

Mtangazaji akasema, "Beki wetu wa nje kageuka trafiki, anaruhusu magari yapite!" Nchi ikacheka. Hadi asubuhi ulikuwa huna jina tena, ulikuwa Trafiki. Sokoni watu wazima, wenye ndevu na wajukuu, walimnyanyulia mama mikono. Muuza mkaa, anasukuma mkokoteni wake, akamwuliza, "Mama Trafiki, nipite au nisimame?"

"Pita tu, baba," mama akamjibu. "Mikokoteni haisimamishwi."

Mwenyekiti wa chama cha mpira naye hakubaki nyuma, maana yeye penye kipaza sauti hakosi. Alisema redioni kwamba wachezaji wa nje wanakuja kutalii, hawana uchungu na jezi. Yule beki wa kushoto alikuwa kakaa naye studio siku hiyo, anaitikia "kweli kabisa, kweli kabisa", kama mtu anayefukuza usingizi. Ni mpwa wake, mtoto wa dada yake. Hukuitwa tena.

Nilikuuliza kwa simu, "Kaka, mbona husemi?"

"Beki hamchongei beki mwenzake. Atasema mwenyewe."

"Asiposema?"

"Atasema, bwana. Kwani hana mdomo?"

Mdomo anao, kaka. Tumemwona akiutumia. Miaka yote hiyo ameutumia kula shughuli za chama na kueleza vijana nidhamu ya uwanjani. Wewe ukasubiri, ukasubiri, mpaka ukaanguka kwenye majani ya watu ukiwa bado unasubiri.

Siku ya kukuzika walikuja wote, miwani myeusi, suti zimewabana matumbo. Mwenyekiti alilia kwa sauti mpaka shangazi akamletea maji, halafu akatazama saa. Tukasema sawa, msiba hauna mlango. Tulidhani yameishia hapo.

Kumbe wameunda kamati. Chama ambacho hakijawahi kuunda choo cha uwanja, mashabiki wanajisitiri nyuma ya jukwaa, kimeunda kamati ya kukuenzi. Kuna mechi ya kumbukumbu, kuna fulana, kuna bendi. Na ukuta wa uwanja wamekuchora, toka chini hadi kwenye paa.

Mimi na mama tulikwenda kuona. Fundi rangi alikuwa juu ya ngazi, anamalizia vidole. Mama akasimama, akaweka mkono juu ya macho kuzuia jua, akatazama kwa muda mrefu. Ilikuwa ni ile picha, kaka. Jezi ile, dakika ile, mkono juu. Chini wameandika kwa herufi kubwa: SHUJAA WETU ANATUSALIMU.

"Fundi," mama akaita, "picha hii kakupa nani?"

"Kamati, mama. Walisema ndiyo iliyotoka vizuri, uso wote unaonekana. Nimekosea mahali?"

"Wewe hujakosea, baba. Umechora vizuri sana. Endelea."

Njiani mama alitangulia mbele. Mimi nilikuwa nataka kucheka na kutapika kwa pamoja. Watu waliokucheka kwa picha hiyo mpaka wakaumwa mbavu, wameipaka ukutani kwa heshima na hawajui ni ipi! Hata kumdharau mtu kunataka umkumbuke kidogo. Hawa hawana hata hilo. Kwao ulikuwa kicheko, sasa umekuwa utepe, na kati ya hivyo viwili hawakukutazama hata mara moja.

Juzi akaja beki wa kushoto mwenyewe. Siku hizi ni kocha msaidizi na katibu wa kamati, anatembea na ufunguo wa gari kidoleni. Alileta fulana ya mama, imefungwa kwenye nailoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa, baba. Vuta kigoda."

"Mama, Jumamosi gari litakuja kukuchukua. Utakaa mbele kabisa, ubavuni kwa mwenyekiti. Kazi yako ni kukata utepe tu, dakika moja."

"Nitakata. Ila nikuulize. Siku ya goli lile ulikuwa wapi?"

Akacheka. "Nilikuwa uwanjani, mama! Tulikuwa wote."

"Uwanjani najua, nilikuona. Nakuuliza wapi."

Kicheko kikamwisha. Akaanza kuikunja ile nailoni. "Mama, mpira ndiyo ulivyo, makosa yapo. Hayo ni ya zamani, tusiyafukue."

"Ya zamani ndiyo mmeyachora ukutani."

Akamtazama mama kama mtu aliyeambiwa kiti alichokalia kina mwenyewe. Nadhani ndipo alipoijua ile picha.

Mama akasema taratibu, sauti ile ile aliyokuwa anakuitia chakula, "Sitaki mfute kitu. Sitaki uniombe radhi mimi. Jumamosi shika kipaza sauti, sema, 'Nilibaki nyuma.' Maneno mawili. Ukikubali, niletee jibu kesho, nami nitakuja kwa miguu yangu, hilo gari bebeeni wengine."

"Mama, na mjomba atanielewaje?"

"Baba, una mvi kichwani. Bado unamwogopa mjomba?"

Aliondoka bila kuaga vizuri. Fulana akaiacha. Ilikuwa ndogo, ingemtosha mjukuu. Wifi anafutia jiko. Tukangoja jibu. Mama alisema tumpe nafasi, mtu mwingine hutafuna neno siku nzima kabla halijamtoka. Jana, badala ya jibu, likapita gari la matangazo mtaani kwetu, spika juu, bendi inalia: "Mama mzazi wa shujaa atakuwepo! Atakata utepe!" Mama alikuwa anafagia. Hakuinua kichwa. Alisema, "Haya, andika."

Basi tunaandika. Mama hatakuwepo. Kaka mkubwa hatakuwepo, wifi hatakuwepo, wanao hawatavaa fulana ya mtu. Kiti cha mbele mwenyekiti awekee tumbo lake. Utepe wakate wenyewe, mkasi wanao, na kukata ndiyo kazi wanayoiweza. Sisi asubuhi tutakuja kwako, tutang'oa majani, kisha tutarudi nyumbani. Aliyekupenda aje, viti vya plastiki vipo, mlango hatufungi.

Kuna jambo moja ambalo hutalipenda. Ulitukataza, na ulipokuwa hai tulikutii. Lakini sisi si mabeki wenzake, sisi ni ndugu zako, na aliyepewa nafasi ya kusema ameitupa. Kwa hiyo tunasema hapa, mbele ya wote wanaosoma, kwa idhini ya mama yako: siku ile ulinyanyua mkono kwa wakati wake. Beki wa kushoto alibaki nyuma. Ukikasirika, kasirika, kaka. Tumekulinda.

Unakumbukwa na mama yako aliyekufunga kamba za kiatu cha kwanza. Kaka yako mkubwa mchomelea vyuma. Mimi mdogo wako. Wifi yetu, mke wako. Wanao wawili, mkubwa ameshaanza kupanga viatu mlangoni bila kuambiwa. Na shangazi, ambaye anajuta kumpelekea mwenyekiti yale maji.

Hatujakusahau, wala hatutakusahau tungali hai.