Mkono Nilioinua Bila Jibu

Mjukuu wangu Wanja,

Hapa Kiritiri tuko sawa. Nyanya yako anakusalimia, mbuzi amezaa mapacha, nami bado ndiye mzee mtanashati kuliko wote sokoni.

Barua yako niliifungua nikidhani umeacha chuo cha ualimu. Kumbe ni woga tu, nikashusha pumzi. Unasema unaketi nyuma ya darasa huko Embu ukitazama walimu, watoto wa gredi ya nane wanageuka kukukodolea macho, na unaogopa ukishika chaki watakucheka.

Sikiza guka wako, babu aliyefika darasa la saba na Mombasa mara tatu.

Shuleni kwetu Siakago tuliletewa kijana anayejifunza ualimu. Siku mkaguzi alipokuja kumpima, chaki ilimponyoka mara mbili. Akauliza, "Mto Tana unamwaga maji wapi?" Hakuna aliyejua. Lakini tulivyomwona vile, darasa zima tuliinua mikono ili asiaibike. Akanichagua mimi, nadhani kwa sababu ya sura.

Nikasimama. "Mwalimu, jibu lilikuwa hapa sasa hivi. Limetoka kidogo."

Darasa likacheka. Mwalimu naye akacheka, akasema, "Basi keti, tulitafute pamoja." Chaki ikatulia, akafundisha vizuri sana. Jibu ni Bahari ya Hindi, na nilienda kuhakikisha mwenyewe.

Kwa hivyo siku yako ikifika, uliza swali, halafu tazama mikono. Nusu yao hawatajua kitu. Watakuwa wameinua kwa ajili yako.

Mimi guka wako, mwenye sura ileile.