Jibu Nililoliandika kwa Jina Lako

Babu,

Mwalimu wetu wa Kiswahili ametufundisha kuandika anwani juu, upande wa kulia. Yako ningeiandikaje? Uko nyuma ya nyumba yetu Nshamba, kwenye kibanja, kati ya migomba ya entobe. Mimi niko mjini, Kashai, kwa Shangazi Adela ninakosomea, nimekaa kitandani, daftari liko magotini. Basi naandika tu.

Nina habari ya Dada Koleta. Lakini siwezi kukupa habari yake kabla sijakuambia kosa langu, maana vimeshikana.

Ulituacha mwezi wa kumi na moja, wakati wa senene. Waliokuja msibani walikuwa wengi, na wengi wao walikuja kwa miguu uliyoiunga wewe. Mzee mmoja wa Kamachumu alipandisha suruali akawaonyesha watu goti lake, mmoja baada ya mwingine, mpaka Mama akamwomba akae ale.

Jioni ya mazishi Baba alituita jikoni, Mama na Shangazi na mimi. Alisema kwa sauti ya chini, "Koleta asiambiwe mpaka usaili wake uishe. Akisikia atapanda ndege, na nafasi itampita."

Hakuna aliyebisha. Kwetu mtu aliye mbali na mwenye mtihani haambiwi msiba, huambiwa akishamaliza. Hata wewe ulimfanyia Baba hivyo hivyo alipokuwa seminari na Bibi akafariki. Alikuta kaburi limeshaota nyasi.

Na kweli nafasi ile ilikuwa ngumu. Unakumbuka uliniomba nikueleze upya, ukisema Dada anaongea haraka kama mtu anayekimbia mvua? Nilikuambia kwamba chuo chake huko Marekani kinaitwa cha osteopathia. Wanasoma udaktari wote kama wenzao, na juu yake wanafundishwa kutibu mifupa na misuli kwa mikono. Wanakuwa madaktari kamili, lakini zipo hospitali ambazo bado zinawatazama kama watoto wa mke mdogo. Naye hakutaka ubingwa mwingine wowote ila wa usingizi, wa kumlaza mgonjwa asisikie maumivu akipasuliwa, ambao unagombaniwa na wengi. Anaomba hospitali nyingi, zinamfanyia usaili kwa kompyuta, kisha kila hospitali inaandika orodha ya inaowataka, na yeye anaandika orodha yake. Mwezi wa tatu wanaambiwa nani amepata na wapi, kama sisi tunavyopangiwa kidato cha tano. Anayekosa anasubiri mwaka mzima.

Ma Justa wa dukani alikutania siku ile. "Mzee, mjukuu wako amevuka bahari kujifunza kuvuta miguu, na mwalimu yupo hapa Nshamba." Ulicheka mpaka ukakohoa. Kisha ukamjibu, "Mimi nawavuta wakilia, waitu, ndugu yangu. Yeye hataki walie." Mimi nilijua maana yake, kwa sababu Dada alinisimulia kwamba alipokuwa mdogo alikuwa akikimbilia kwenye mibuni na kuziba masikio kila mgonjwa wako alipoanza kupiga kelele.

Kwa hiyo tulinyamaza. Dada alikuwa akipiga simu Jumapili baada ya misa, na mimi nikawa mwongo wa familia kwa sababu wakati ule nilikuwa bado sijahamia kwa Shangazi, na simu ya Baba huwa inashikwa na mimi. Jumapili ya kwanza nilisema umekwenda kumwona mtu aliyeanguka kwenye mparachichi. Ya pili mafua yalikuwa yamekubana sauti. Kila nilipokata simu nilikwenda kunawa uso.

Ikafika likizo ya Desemba. Dada akatuma ujumbe wa sauti. Alisema Jumanne ana usaili katika hospitali anayoitaka kuliko zote, na kila mahali wanamuuliza kwa nini amechagua usingizi, naye amechoka kutoa jibu la vitabuni. "Anastazia, muulize Babu anajuaje kwamba mtu yuko tayari kuvutwa. Nataka maneno yake mwenyewe."

Nilikaa na simu kwenye benchi lako. Ningemwambia umelazwa, angesimamisha kila kitu. Ningemwambia hutaki kujibu, asingeamini, maana hujawahi kumnyima kitu. Nikaanza kumkumbuka mgonjwa mmoja. Kazi yangu ilikuwa kushika ule mguu mzima, mgonjwa asikupige teke. Wewe ulipaka siagi ya moto kwenye mguu mbovu, ukamwambia akutajie ndizi zote zilizo kwenye kibanja chake, na yeye akaanza: entobe, enchoncho, enshakala. Mwanzoni vidole vya ule mguu nilioushika vilikuwa vimejikunja kama vinataka kung'ang'ania ardhi. Alipofika kwenye ndizi ya nne au ya tano, akasita akijaribu kukumbuka, vidole vikalegea mikononi mwangu. Hapo hapo wewe ulivuta.

Nikaandika: "Babu anasema anatazama vidole vya miguu. Vikilegea ndipo anavuta." Nikatuma.

Jibu lilichelewa sana. Lilipokuja lilikuwa fupi: asante, msalimie. Tangu siku ile Dada hakuomba tena kuongea na wewe. Niliona ana shughuli nyingi. Nisikufiche, Babu, nilifurahi, kwa sababu sikulazimika kutunga uongo mwingine.

Mwishoni mwa mwezi wa pili orodha zilifungwa. Baba alikuwa ameandaa maneno ya kumwambia, alikuwa ameyafanyia mazoezi na Mama. Hakuyatumia. Dada alimpigia yeye kwanza, akamsalimia vizuri, kisha akauliza, "Baba, Babu alifariki lini?" Mama anasema Baba alikaa chini pale pale uani, akalia.

Mimi hakunipigia. Siku zikapita, wiki ya kwanza, ya pili. Nilifanya mtihani wa Bayolojia, lakini sikumbuki niliandika nini. Siku aliponipigia, kwenye simu ya Shangazi, hata salamu yangu hakuisubiri imalizike.

"Babu hakuwa anaona vidole vyake mwenyewe. Angeonaje vya mgonjwa?"

Babu, nilisahau macho yako. Mimi niliyekuwa nakushika mkono kukuongoza kwenye kiti, niliyekusomea gazeti la kanisa mpaka matangazo ya mwisho, mimi ndiye niliyesahau. Miaka yote ile ukungu ulikuwa umefunika macho yako, na wewe ulikuwa unatutambua kwa nyayo. Nilikupa macho kwa siku moja kwa sababu nilihitaji jibu.

Dada alisema aliusoma ujumbe wangu akiwa kwenye korido ya hospitali, chakula kikiwa mkononi. Alijua papo hapo kwamba maneno si yako, na alijua ni kwa nini yako hayakuja. Alikwenda kulia chooni. Kisha akaamua asiulize mpaka amalize, kwa sababu kama asingeambiwa, angeweza kuendelea kusema "Babu yangu yupo Nshamba" siku chache zaidi. Ulikuwa unasikiliza pumzi, akaniambia. Kiganja chako kilikuwa tumboni kwa mgonjwa muda wote. Mimi nilikuwa upande wa miguu, sikukiona.

Niliuliza kama usaili uliharibika. Akasema hakutumia jina lako. Aliwaambia madaktari wale kwamba ana mdogo wake kijijini aliyekuwa akishika mguu mzima wa mgonjwa, na mdogo huyo aligundua kwamba vidole hulegea kabla mwenyewe hajajua kwamba ameacha kuogopa. Daktari mmoja akauliza mdogo huyo ana umri gani, kana kwamba anataka kumwajiri.

Nilianza kuomba msamaha, akanikatiza. Alisema ningemwacha alie wakati sisi sote tunalia, hata kama Baba alikataza. Alisema, "Baba nimemsamehe. Wewe bado kidogo."

Sasa habari yenyewe. Jumatatu aliambiwa amepata, na Ijumaa akaambiwa ni wapi. Si ile hospitali aliyoitaka kuliko zote. Ni ya nane kwenye orodha yake, katika mji mdogo ambako theluji inafika madirishani. Lakini ni usingizi, Babu. Mwezi wa saba anaanza. Alipiga simu ya picha, sisi tumejazana kwenye chumba cha Shangazi, na Baba alikuwa amekuja na basi la asubuhi kutoka Nshamba. Dada akasema anataka kukusalimu. Aliegemeza simu kwenye vitabu, akageuka, akapiga magoti kama tunavyowasalimia wazee kwetu, akiutazama ukuta mweupe, akakaa hivyo muda mrefu.

Baadaye nilimuuliza kama sasa amemaliza kunikasirikia. Alisema nikamwombe msamaha kwanza mwenye jina nililolitumia.

Nisamehe, Babu.

Wagonjwa bado wanakuja. Baba anawapa uji na kuwatafutia bodaboda ya kwenda hospitali. Juzi, anasema, mama mmoja aligoma kuondoka, akataka angalau mtoto wake akae kwenye benchi lako kidogo. Akamruhusu.

Pasaka nitakuja Nshamba. Nitapalilia pale ulipo, halafu nitakusomea barua hii kwa sauti, polepole, kama ulivyopenda, maana kukuachia karatasi hakutoshi. Sitasema tena kwa kinywa chako. Nikiona kitu, hata kama ni kidogo na aliyekiona ni mtoto wa kidato cha tatu, nitasema nimekiona mimi.

Pumzika, waitu.

Mjukuu wako,
Anastazia